ANAYEULIZA BEI YA MAZISHI AJIBIWE

Wazee wetu waliacha neno fupi lisemalo, kufa kufaana. Wako wanaolichukua kwa upande wa wema, kwamba anapofiwa mtu, majirani humwendea na unga, kuni na maji, nao wakifiwa naye huwaendea. Na wako wanaolichukua kwa upande wa uchungu, kwamba msiba wa mmoja ni neema ya mwingine. Leo twataka kusema juu ya upande huo wa pili, na hasa juu ya jambo moja ambalo kwa kulitazama juu juu huonekana dogo, lakini ndani yake mna fedha za wafanyakazi na heshima ya wafiwa. Jambo lenyewe ni hili: mtu akipiga simu mahali panapouzwa huduma za mazishi, akauliza bei, ajibiweje?

Jawabu letu ni jepesi. Aliyeuliza bei atajiwe bei. Asiambiwe, "Njoo ofisini tuzungumze." Asiulizwe kwanza jina lake, anwani yake na kazi ya marehemu. Asiambiwe kwamba mambo ya fedha si ya kuzungumzwa kwenye simu wakati wa majonzi. Atajiwe bei, kwa ukamilifu na kwa ukweli, ndipo achague mwenyewe.

Yafaa tueleze kwa nini tunalipa neno hili uzito. Katika biashara nyingine zote mnunuzi ana muda. Anayetaka baiskeli huzunguka duka hili na lile, akarudi nyumbani, akalala, akafikiri, na mwezi ujao akanunua. Aliyefiwa hana mwezi ujao. Maiti imelala, jamaa wako njiani, macho yamevimba kwa kulia, na kila saa inayopita ina gharama yake. Tena wengi wetu hufanya ununuzi huu mara chache sana maishani, hata hatujui kipi cha lazima na kipi cha mapambo. Mwenye kuuza amefanya kazi hiyo jana, juzi na mwaka jana. Mwenye kununua anaifanya leo kwa mara ya kwanza. Katika hali kama hiyo simu ndiyo mizani pekee iliyobaki mkononi mwa mfiwa. Kwa simu aweza kuwauliza watu watatu kwa nusu saa bila ya kuondoka penye msiba. Lakini akiisha kufika ofisini, akaketi kitini, na maiti ikawa imekwisha kuchukuliwa na gari la mwenye biashara, nguvu yake ya kusema "Ahsante, nitakwenda kwingine" imepungua mno. Wanaokataa kutaja bei kwenye simu wanalijua hilo vizuri.

Nchi iliyojifunza somo hili kwa gharama kubwa ni Marekani. Kule mazishi yamekuwa biashara kamili tangu zamani, yenye nyumba zake maalumu ambazo huchukua maiti, huitia dawa ya kuihifadhi, huuza jeneza, hukodisha ukumbi na gari, na kusimamia ibada hadi kaburini. Iko kampuni moja yenye makao yake makuu mjini Houston, iliyoanzishwa mwaka 1962, ambayo inamiliki nyumba za namna hiyo zaidi ya elfu moja, na hisa zake huuzwa sokoni kama hisa za mafuta au za vyuma. Kwa hesabu ya chama cha taifa cha wenye nyumba za mazishi wa nchi hiyo, mwaka 2023 bei ya katikati ya mazishi yenye kuaga maiti na kuzika ilikuwa dola 8,300, bila ya kuhesabu kaburi lenyewe. Mfanyakazi anayelipwa kima cha chini cha Serikali Kuu ya Marekani, ambacho tangu mwaka 2009 ni dola 7 na senti 25 kwa saa, angehitaji kufanya kazi zaidi ya majuma 28, saa 40 kila juma, bila ya kula wala kulipa kodi ya nyumba, ili amzike mzazi wake mmoja. Majimbo mengi yana kima kilicho juu ya hicho, lakini hata huko mzigo ni mzigo.

Wanachama wa vyama vya wafanyakazi wangefanya vema kujua namna jambo hili lilivyofichuliwa. Katika miaka ya 1950 alikuwako wakili mmoja katika mji wa Oakland, California, Robert Treuhaft, ambaye kazi yake ilikuwa kuvitetea vyama vya wafanyakazi. Vyama hivyo vilikuwa vimepigania na kupata mafao ya kifo, ili mwanachama akifa mjane na watoto wasibaki mikono mitupu. Wakili huyo akaona kwamba fedha zile hazikai nyumbani kwa mjane. Zilikwenda moja kwa moja kwa wenye nyumba za mazishi. Kilichopatikana kwa jasho na kwa mgomo kilimezwa na jeneza lenye vishikio vinavyong'aa. Jambo hilo ndilo lililomvuta mkewe, mwandishi Jessica Mitford, kuichunguza biashara nzima, na mwaka 1963 akatoa kitabu chake, The American Way of Death, kilichowatikisa watu wa nchi ile. Basi jambo hili halikuanzia kwa wasomi waliokosa kazi. Lilianzia katika mfuko wa mfanyakazi.

Wakati huo kuficha bei kulikuwa hata ni adabu ya kazi. Chama cha taifa cha wenye nyumba za mazishi kiliwazuia wanachama wake kutangaza bei zao, hadi Serikali ya Marekani ikakishtaki mwaka 1968 kwa sababu ya makatazo hayo. Hata baada ya hapo, mfiwa aliyetaka kujua gharama mara nyingi alitajiwa jumla moja tu, kila kitu ndani yake, bila ya kujua jeneza limekula kiasi gani na kazi imekula kiasi gani. Ikawa Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya nchi hiyo ikachunguza kwa miaka mingi, wenye biashara wakipinga kila hatua, hata ikatoka Kanuni ya Mazishi iliyoanza kutumika yote mwezi wa Aprili mwaka 1984.

Tutaeleza machache yaliyomo, kwani yana mafunzo. Kanuni hiyo inamtaka kila mwenye nyumba ya mazishi awe na Orodha Kuu ya Bei, yenye kutaja kila huduma mbali na nyingine: ada ya msingi ya kazi, kuchukua maiti, kuitia dawa, kutumia ukumbi, gari la maiti, jeneza, kuzika bila ibada, kuchoma maiti, na kuisafirisha maiti kwenda kwa mzishi wa mahali pengine. Mtu yeyote afikaye na kuuliza hupewa orodha hiyo aichukue, aende nayo nyumbani. Ni mwiko kusema uongo kwamba sheria inalazimisha maiti itiwe dawa ikiwa hailazimishi, na ni mwiko kumwambia mtu kwamba maiti ya kuchomwa lazima iwe na jeneza la kununua. Ni mwiko vilevile kulazimisha huduma moja inunuliwe pamoja na nyingine, isipokuwa ile ada ya msingi ambayo kila mteja huilipa.

Na juu ya simu kanuni inasema wazi. Anayepiga simu akauliza bei au masharti lazima apewe habari sahihi zilizomo katika orodha, pamoja na habari nyingine yoyote iliyo karibu yenye kulijibu swali lake. Jina lake laweza kuulizwa, lakini akikataa kulitaja bado ana haki ya kujibiwa. Kanuni haikusahau kwamba wauzaji nao ni binadamu. Ikiwa mfanyakazi ni mmoja naye ameketi na wafiwa wengine, anaruhusiwa kuchukua ujumbe na kupiga simu baadaye. Nje ya saa za kazi simu yaweza kupokewa na mashine au na mtu mwingine, mradi mpigaji atapata jawabu lake. Anayevunja kanuni hii aweza kutozwa faini ya zaidi ya dola 50,000 kwa kosa moja.

Hapo kuna jambo la kuangaliwa sana. Kanuni ya mwaka 1984 ilimtaka mwenye biashara amwambie mpigaji simu, hata kabla hajaulizwa, kwamba bei zaweza kupatikana kwa simu. Ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1994, sharti hilo la kuanza kusema likaondolewa, likabaki sharti la kujibu. Maana yake ni kwamba tangu siku hiyo haki ya mfiwa wa Marekani imelala mpaka aiamshe yeye mwenyewe kwa kuuliza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na katika jambo hili asiyeuliza hulipa vilevile.

Je, sheria imetosha? Haikutosha. Mwaka 2023, miaka karibu 40 tangu kanuni ianze, maofisa wa Tume ile walipiga simu kwa nyumba za mazishi zaidi ya 250 bila ya kujitambulisha, wakauliza bei kama aulizavyo mfiwa yeyote. Mwezi wa Januari mwaka 2024 walitangaza kwamba wamezipelekea nyumba 39 barua za onyo. Wengine walikuwa wamekataa kutaja bei; wengine waliulizwa jambo lile lile mara mbili wakataja bei mbili mbalimbali. Tunaweza kulitazama jambo hili kwa pande zote mbili. Wengi walijibu kama inavyopasa, na hilo linaonyesha kwamba kutaja bei kwenye simu hakumwui mfanyabiashara. Lakini walikuwako walioendelea kuficha, wakijua kuwa sheria ipo na faini ipo. Sheria isiyokaguliwa hugeuka kuwa karatasi ya ukutani.

Uingereza nao walifika njia hiyo hiyo kwa kuchelewa. Baada ya uchunguzi mrefu juu ya biashara ya mazishi, Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya nchi hiyo ilitoa amri mwaka 2021, na tangu mwezi wa Septemba mwaka huo wazishi wanatakiwa kuziweka bei zao wazi kwa mpangilio mmoja, mahali pao pa kazi na katika tovuti zao, ili bei ya huyu iweze kulinganishwa na bei ya yule. Nchi hizi mbili, ambazo daima hutuhubiria sifa za soko huria, zimelazimika kukiri kwamba palipo na kilio soko halijiongozi lenyewe.

Sasa tuzisikilize hoja za wenye biashara, kwani haki ni kuwasikiliza wote.

Husemwa kwanza kwamba bei haiwezi kutajwa kwenye simu kwa sababu mazishi hayafanani. Ni kweli hayafanani. Lakini nguo nazo hazifanani, na fundi cherehani akiulizwa bei ya kushona shati huitaja. Anayeuliza jeneza la bei ya chini ni kiasi gani, au gari la maiti kutoka hospitali hadi kaburini ni kiasi gani, ameuliza swali lenye jawabu. Ikiwa bei hutegemea umbali, itajwe kwa kilomita. Ikiwa hutegemea siku za kukaa katika chumba cha maiti, itajwe kwa siku. Kisichoweza kutajwa kwa namna yoyote si bei tena. Ni kumkadiria mtu kwa viatu alivyovaa.

Husemwa pili kwamba mpigaji aweza kuwa mshindani anayepeleleza. Na awe! Bei ambayo mshindani akiijua itamharibia mwenye duka ni bei ambayo mwenye duka mwenyewe anajua kuwa haina utetezi. Tena mshindani akitaka kweli kuijua atamtuma mtu na ataijua. Anayebaki gizani ni mjane peke yake.

Husemwa tatu kwamba kuzungumza fedha na aliyefiwa ni kukosa adabu. Hoja hii ndiyo iliyovikwa nguo nzuri kuliko zote, na kwa sababu hiyo tunaitilia shaka kuliko zote. Adabu ya kweli ni kumpunguzia mfiwa mashaka, na shaka moja kubwa ya mfiwa asiye na kitu ni kutojua kama fedha zitatosha. Mwenye kuona haya kutaja bei siku ya msiba haoni haya kuandika hati ya madai siku tatu baadaye. Mfiwa ndiye aliyeuliza. Kulijibu swali lake ni kumheshimu. Kulikwepa ni kumfanya mtoto.

Husemwa nne kwamba bei ya chini itawavuta watu kwenye huduma mbovu, na kwamba mwenye kazi nzuri ataonekana ghali. Hoja hii ina chembe ya ukweli, na dawa yake ni maelezo zaidi. Anayetoza zaidi aseme kwenye simu hiyo hiyo anatoa nini zaidi. Mnunuzi akisikia kwamba kwa bei ile wachukuzi wanne wamo, mafuta ya gari yamo na kurudi kwa waombolezaji kumo, atajua kulinganisha. Wafanyakazi wetu si wajinga. Wananyimwa habari, kisha wanalaumiwa kwa kutojua.

Basi simu yapasa kujibiwaje? Twaona mambo haya. Kwanza, orodha ya bei iliyoandikwa ikae kando ya kila simu ya ofisi, na ndani ya mfuko wa kila anayejibu simu ya mkononi, ili jawabu la asubuhi lisipingane na jawabu la jioni. Pili, aliyepiga apewe pole kwa maneno machache, kisha ajibiwe alichouliza kabla hajaulizwa lolote. Tatu, itajwe jumla pamoja na vilivyomo, na vitajwe wazi visivyokuwamo, kama vile ada ya kaburi, vyeti, na malipo ya watu wa nje. Kwani bei nusu ni mtego kuliko kimya. Ile ada ambayo kila mtu atailipa hata asipochukua kitu kingine itajwe mwanzo, si mwisho. Nne, atakayeuliza kilicho nafuu kuliko vyote atajiwe kilicho nafuu kuliko vyote, bila ya kicheko na bila ya kuulizwa kama kweli alimpenda marehemu wake. Tano, aliye na shughuli aseme saa atakayopiga, na apige saa hiyo. Sita, asiseme "sheria inataka" pale ambapo anayetaka ni yeye. Saba, bei iliyotajwa kwenye simu iwe ndiyo bei ya ofisini.

Hapa twataka kuongeza neno moja kwa ajili ya yule anayeishika simu. Mara nyingi yeye si mwenye mali. Ni kijana wa kiume au wa kike aliyeajiriwa, anayekesha usiku, anayesikia vilio vya watu kwa mshahara mdogo, na aliyeagizwa na tajiri wake: "Usitaje bei, waite waje." Si haki kumtukana mtu huyo. Lawama ni ya aliyemwagiza. Tena tukumbuke kwamba kuosha maiti, kuibeba, kuchimba kaburi na kuendesha gari usiku kucha ni kazi ngumu, na anayeifanya anastahili ujira wa haki. Hatusemi mazishi yawe bure, wala hatuwaiti wezi wote wanaoishi kwa kazi hii. Tunachosema ni kwamba ujira wa haki hauogopi kutajwa. Chama cha wafanyakazi popote walipo watu wa kazi hii kingefanya jambo jema kudai kwamba mwanachama wake asilazimishwe kumficha mfiwa ukweli.

Ndugu zetu walioko ng'ambo wanahusika moja kwa moja. Anapofariki Mtanzania au Mkenya katika mji wa Marekani, wenzake huchangishana ili maiti irudi nyumbani, na mchango huo hutoka kwa watu wanaosafisha hospitali, wanaotunza wazee na wanaoendesha magari usiku. Wajue kwamba kuipeleka maiti kwa mzishi wa mahali pengine ni moja ya huduma ambazo kanuni inataka ziwe na bei yake katika Orodha Kuu. Basi kabla ya kukabidhi maiti, mmoja wao ashike simu, aulize nyumba tatu au nne bei ya huduma hiyo, ada ya msingi, kutia dawa na sanduku la safari, aandike majibu, na wasikubali kuambiwa waje kwanza. Nauli ya ndege na karatasi za ubalozi ni hesabu nyingine mbali, nazo ziulizwe mbali. Fedha itakayookolewa kwa simu hizo ni fedha ya watoto wa marehemu.

Na hapa kwetu je? Mtu aweza kusema kwamba sisi hatuna nyumba za mazishi za namna ile, na kwamba kwetu maiti huzikwa na watu, si na kampuni. Ni kweli, na ni fahari yetu. Vyama vyetu vya kufa na kuzikana, majirani wanaochimba kaburi bila ya kudai, jeneza la msikiti linalombeba tajiri na maskini kwa zamu, akina mama wanaopika usiku kucha, hayo ni mali ambayo Marekani na dola zake zote haiwezi kuinunua. Lakini tusijidanganye. Mijini mazishi yameanza kuwa na bei katika kila hatua: chumba cha maiti kwa siku, jeneza, gari, mahema na viti, chakula, vipaza sauti, mpiga picha. Familia inayompeleka marehemu wake kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba inaianza safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na katika saa ile ya haraka hulipa bei yoyote inayotajwa. Na wako wanaoitaja bei hiyo baada ya kutazama kwanza nani analia na amekuja na gari gani.

Nchi yetu haikosi msingi wa sheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu katika biashara, na iko Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1997 iliuweka msaada wa mazishi miongoni mwa mafao ya mwanachama. Lakini tukumbuke yaliyompata mjane wa Oakland. Fao likiongezwa na bei ikaachwa gizani, bei italifuata fao hilo kama fisi afuatavyo harufu. Kwa hiyo kupigania mafao na kupigania bei iliyo wazi ni vita moja. Tunaziomba mamlaka zinazohusika zifikirie kuweka sharti fupi lisilo na gharama: kila anayeuza jeneza, kila chumba cha maiti na kila mwenye gari la maiti abandike bei zake ukutani na azitaje kwa simu anapoulizwa. Hospitali za umma zingekuwa za kwanza kuonyesha mfano.

Wala tusingoje amri. Wanachama wanaweza kuanza leo katika matawi, katika viwanda na katika mitaa. Kila kamati ya mazishi imteue mtu mmoja asiye wa karibu sana na marehemu, ambaye kichwa chake kimetulia, kazi yake iwe ni simu na daftari. Aulize mahali patatu. Aandike jina la mahali, saa, aliyejibu, bei, vilivyomo na visivyokuwamo. Daftari hilo lisitupwe baada ya matanga. Libaki kwa katibu, ili msiba wa pili usianze gizani. Baada ya mwaka mmoja mtaa utakuwa na orodha yake wenyewe ya bei, iliyoandikwa na wananchi, na mwenye tabia ya kuwakadiria watu kwa viatu atajikuta amejulikana. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na anayekataa kutaja bei, asibembelezwe. Aambiwe "Ahsante", simu ikatwe, apigiwe mwingine. Hakuna hotuba itakayomfundisha upesi kuliko ukimya wa simu yake.

Tunajua kwamba wako watakaoona haya. Kwetu mtu anayeuliza bei ya jeneza huogopa kuambiwa kwamba anamfanyia marehemu ubahili. Haya hiyo ndiyo kufuli ambayo wenye kuficha bei wamefungia mlango wao, na ufunguo wake uko mikononi mwetu. Marehemu aliyefanya kazi maisha yake yote, akahesabu kila shilingi ili watoto wasome, hataheshimiwa kwa fedha hizo kumwagwa katika juma moja kwa mtu aliyekataa hata kutaja bei yake. Heshima yake ni azikwe kwa staha, na siku ya kufungua shule watoto wake wawe na ada. Kuuliza si ujinga, wala si ubahili. Tuulize, na tudai kujibiwa.